Mto Babamkwe

Jumanne moja, saa kumi kasorobo alasiri, Anyisile alikuwa anageuza mpunga kwenye turubai kwa mguu wa kulia, kwa kuwa wa kushoto ulikuwa na kazi ya kufukuza kuku, wakati kijito kilipopanda ukingo wake, kikavuka njia ya bodaboda na kuingia uani.

Hakikuja kwa fujo kama maji ya Aprili. Kilikuja kama mtu anayetoka zahanati, taratibu, kikiegemea ukuta. Kilipita kando ya turubai bila kulowesha punje hata moja, kikapanda ngazi mbili za mlangoni, kikaenda kujilaza chini ya kitanda. Nyuma yake kiliacha perege wawili na ndala moja ya mguu wa kushoto, ambayo mwenyewe alikuwa ameitafuta tangu Krismasi.

Anyisile alijifunika kitenge kichwani, akakipa kijito mgongo, akainama hivyo hivyo mpaka kilipomaliza kuingia. Ilichukua dakika saba, maana kilikuwa kirefu.

Ilikuwa heshima, si woga. Kijito kile kilikuwa na jina moja na marehemu baba yake Lameck, mume wa Anyisile. Mzee alizaliwa ukingoni mwake, mama yake akiwa amekwenda kuchota maji, wakaona wasihangaike kutafuta jina mbali. Na binti wa Kinyakyusa aliyelelewa akaleleka hamtaji mkwewe. Hamtazami usoni, hapiti naye njia moja, hakai naye chumba kimoja, na hata neno linalofanana na jina lake hulizunguka kama dimbwi. Siku hizi wengi wameacha, wanasema ni mambo ya bibi zao. Anyisile hakuacha. Kwa kuwa jina lile linakaribiana na neno kikombe, nyumbani kwake chai ilinywewa kwenye "kile cha mkono", na binti yake Kisa alipoanza shule ya awali, mwalimu aliandika kwenye daftari kuwa mtoto ni mchangamfu ila achunguzwe usemi. Hadithi hii nayo inafuatana na Anyisile, kwa hiyo jina hilo halitaandikwa.

Ng'ambo, droni ya shamba la kampuni ilikuwa bado inavuma. Ilikuwa kubwa kama meza ya kulia chakula, na kila Jumanne ilipaa kumwaga kiua magugu juu ya mpunga wa kampuni, na juu ya kila kilichokuwa jirani na mpunga wa kampuni.

"Mama!" Kisa aliita kutoka ndani. Alikuwa na miaka mitano na sauti ya mnadani. "Babu anakohoa!"

"Muulize kama anataka maji."

Kisa aliinama tena chini ya kitanda.

"Anasema yeye ndo maji!"

"Basi muulize anaumwa nini."

Kisa alitoka, akasimama mlangoni huku akijikuna miguu. Vipele vilikuwa vimemjaa kuanzia kwenye magoti kushuka chini, pale maji yalipokuwa yanamfikia akivuka kwenda shule.

"Anasema dawa inamkaba. Anasema wakimmwagia na masika nyingine, anaenda zake ziwani moja kwa moja, harudi tena. Na anasema samahani kwa matope."

Anyisile aliacha kugeuza mpunga. Kijito kikiondoka hakuna kitalu, na pasipo kitalu hakuna mpunga wa kugeuza. Isitoshe, mtu hamwachi mkwewe ahame kijiji kwa kukosa mtetezi.

"Mwambie asiombe samahani," alisema. "Mwambie apumzike."

Usiku ule Anyisile alilala jikoni. Asubuhi kijito kilirudi kwenye njia yake, kikiwa na nafuu kidogo, na Jumanne iliyofuata kikaja tena. Ziara ya tatu ilimleta mwenyekiti wa kitongoji, mzee Anyitike, na daftari lake la wageni kwapani.

"Mama Kisa, ugonile."

"Ugonile, mwenyekiti. Karibu."

"Nasikia una mgeni analala. Mgeni wa zaidi ya siku mbili anaandikwa, wewe unajua." Alifungua daftari, akailamba kalamu. "Atokako?"

"Hapo tu, mwenyekiti. Hatua arobaini."

"Jirani. Kazi yake?"

"Maji."

"Mfanyakazi wa maji," mwenyekiti aliandika. "Ataondoka lini?"

"Hilo linategemea serikali."

Mwenyekiti aliandika: *Anasubiri serikali*. Alisema wapo wengi wa namna hiyo kwenye daftari lake, akafunga, akaondoka na perege mmoja.

Lameck alikuwa anapakia mifuko ya saruji kwenye malori mpakani, akirudi nyumbani Jumamosi. Alipoambiwa, alichungulia chini ya kitanda palipobaki unyevu, akasimama muda mrefu mikono kiunoni.

"Baba hakuwahi kulala kwangu alipokuwa hai," alisema. "Siku zote alikuwa na haraka." Kisha akaenda kununua godoro jembamba, akalitandika pale chini.

*

Anyisile alikuwa anasoma darasa la jioni katika shule ya msingi, saa kumi na moja hadi saa moja, siku tatu kwa wiki. Vitabu havikutosha, kwa hiyo mwalimu aliwapa cha kusoma chochote kilichochapwa kwa Kiswahili: maelezo ya pakiti za mbegu, taarifa ya mapato na matumizi ya kata, na juma lile ilikuwa nakala ya Gazeti la Serikali iliyotoka kufungia maandazi. Zamu ya kusoma kwa sauti ilipomfikia Anyisile, mbele yake zilikuwa Kanuni za Kudhibiti Uchafuzi Utokanao na Kilimo.

Alisoma kuwa ni marufuku kunyunyiza dawa ndani ya mita sitini kutoka kwenye mto. Darasa lilipiga makofi. Aligeuza ukurasa, akasoma kuwa mto maana yake ni mto uliotajwa kwenye Jedwali la Tatu, na kwamba maji yoyote yasiyotajwa humo yatahesabiwa kuwa mfereji, na mfereji hauna mita. Aligeuza tena. Jedwali la Tatu lilikuwa na mito arobaini, yote mikubwa, yote yenye madaraja ya lami.

"Maswali ya ufahamu," alisema mwalimu. "Mwandishi ana maana gani anaposema mfereji?"

Anyisile alinyoosha mkono. "Ana maana ya baba mkwe."

Mwalimu alifikiri, akampa alama mbili kati ya mbili.

Ndivyo alivyofika kwa wakili Marystella. Marystella alitoka Bukoba, alikuwa na mwaka mmoja Kyela, alisaidia watu bila malipo katika chumba kimoja pale Mbugani, kati ya duka la simu na saluni, na alikuwa na tabia njema ya kusikiliza huku akiandika. Tatizo lilikuwa hilo la kuandika.

"Kwa hiyo tunaiomba mahakama ifute hiyo tafsiri ya mto," alisema, vidole vikikimbia kwenye kompyuta. "Serikali haiwezi kulinda maji kwa sababu tu yana umaarufu. Hoja ni nzuri. Mto wenu unaitwaje, dada?"

Anyisile aliangalia sakafu.

"Jina tu."

"Yule ni baba mkwe," alisema Anyisile kwa sauti ya chini.

"Babamkwe," Marystella alirudia, akichapa. "Mna majina mazuri huku. Kwetu mito ina majina ya kawaida kabisa. Herufi kubwa mwanzoni?"

"Kwa heshima, ndiyo."

Anyisile aliposomewa hati ya kiapo na kukuta imeandikwa *Mto Babamkwe* mara kumi na nne, alifurahi sana. Aliona kwamba watu waliosoma wamekwisha kutafuta njia ya kusema bila kutamka, na kwamba sheria, pamoja na ukali wake wote, ina adabu. Alitia saini.

"Ndaga fijo, wakili," alisema, na alimshukuru kutoka moyoni.

*

Jaji alikuja Kyela kusikiliza mashauri kadhaa kwa siku tano, na shauri la Mto Babamkwe lilipangiwa Alhamisi, saa tatu asubuhi, katika ukumbi wa kukodi ambao bado ulikuwa na maua ya plastiki ya harusi ya Jumamosi. Kijito kilitoka kijijini, Makwale, Jumatano mchana ili kiwahi. Kilifuata mtaro wa barabara, kikipisha magari. Anyisile na Kisa walipanda bajaji asubuhi na kuzunguka njia ya nyuma, ndefu zaidi, ili mkwe na mkwe wasikutane.

Mlinzi wa mlangoni alikiomba kijito kiache samaki nje. Kiliwaacha kwenye ndoo, kikaingia, kikakaa benchi la nyuma na chini ya benchi la nyuma. Watu wa Makwale walioketi hapo walikunja miguu kukipa nafasi.

Jaji Generosa alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Aliuliza kama pande zote zipo. Karani alisema zipo, na maji yapo. Jaji aliandika.

Wakili wa serikali, Emanueli, alikuwa kijana mpole aliyenyoosha suti yake vizuri. Alisimama.

"Mheshimiwa Jaji, tuna pingamizi la awali. Maombi haya yanahusu Mto Babamkwe. Tumepekua ramani zote, mpya na za zamani. Tumeuliza Ndandalo, tumeuliza Makwale. Huko Makwale mzee mmoja alituambia tusirudie kulisema neno hilo mbele ya wake za watu. Mto huo haupo."

"Upo, Mheshimiwa," alisema Marystella. "Umeketi nyuma."

Jaji alishusha miwani ya kichwani, akatazama. "Mahakama inaona maji. Yaliyoketi nyuma ndiyo Babamkwe?"

"Ndiyo," walisema watu wa Makwale.

"Ndilo jina lake?"

"Hapana," walisema watu wa Makwale.

Jaji alimwita Anyisile kizimbani. Bahati nzuri kizimba kilielekea kwa jaji, kwa hiyo aliweza kusimama mbele ya mahakama huku akikipa kijito mgongo, na adabu zote mbili zikatimia kwa pamoja. Kisa aliketi chini miguuni pake akijikuna.

"Mama Kisa," alisema jaji, "shauri ni lako. Mto huu ukiwa hauna jina, sina cha kuamulia. Litaje, liandikwe, tuendelee."

Anyisile alishika ubao wa kizimba. Feni ilizunguka. Nyuma yake alisikia maji yakijisogeza, kama mzee anayebadili mguu.

Marystella alimsogelea. "Dada, sema tu."

"Siwezi, wakili. Yupo humu."

"Nani yupo?"

"Baba mkwe."

Marystella aliitazama hati yake, mahali pa kwanza palipoandikwa, na pa pili, na akaendelea kutazama mpaka alipofika pa kumi na nne.

"Niliandika..." alisema.

"Mliandika vizuri sana. Nilidhani mmefanya makusudi."

"Mama Kisa," alisema jaji, kwa upole, "nitahesabu umeshindwa kutaja?"

Anyisile aliangalia chini. Kisa alikuwa amekwangua kipele kimoja mpaka kikatoka damu, na sasa alikuwa anakifuta kwa pindo la gauni lake la kanisani, akijitahidi asionekane. Anyisile alivuta pumzi. Alitoa kitenge kichwani, akakikunja mara mbili, akakiweka begani. Kisha akalitaja jina.

Alilitaja kwa sauti iliyofika kwenye saluni ya jirani. Hadithi hii haitalirudia. Yeye alikuwa na sababu.

Wanawake wote wa Makwale walijifunika nyuso. Mzee Anyitike alivua kofia. Kijito kiliinuka kiasi cha kiganja kimoja juu ya benchi, kikakaa hivyo kwa muda, kisha kikatulia.

"Herufi zake?" aliuliza jaji.

Ikabidi alitaje tena, herufi moja moja, saba zote.

Emanueli alisubiri karani amalize kuandika. Kisha alisimama, na ilionekana kwamba angependa zaidi kuendelea kukaa.

"Mheshimiwa, jina hilo nalo halimo kwenye Jedwali la Tatu."

"Ndiyo maana tumekuja!" alisema Marystella.

"Na kwa kuwa halimo, kwa mujibu wa kanuni ya nne, huu si mto. Ni mfereji. Kanuni hizi zinahusu mito, kwa hiyo mfereji haujaguswa nazo. Ambaye hajaguswa na kanuni hawezi kuzilalamikia."

"Lakini umeguswa, kaka! Umeguswa na dawa!"

"Na dawa, ndiyo," alisema Emanueli. "Na kanuni, hapana."

Uamuzi ulisomwa saa nane, baada ya chakula. Jaji Generosa alisema mahakama imeridhika kuwa maji yapo, kwa kuwa yamelowesha viatu vyake. Imeridhika pia kuwa maji hayo yanakohoa. Lakini majedwali hutungwa na waziri, na mahakama haitungi majedwali. Maombi yalitupwa. Kila upande ungebeba gharama zake, na waziri alishauriwa kulitazama jambo hili kwa jicho la huruma. Mwisho jaji alimuuliza Anyisile kama ana la kusema.

"Ndaga," alisema Anyisile, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha neno jingine la kuondokea.

*

Waziri alilitazama. Baada ya miezi miwili lilitoka tangazo, na Marystella akapiga simu.

"Dada, wameongeza mto. Wa arobaini na moja."

"Upi?"

"Ule wa kwenye hati."

Kwa hiyo Mto Babamkwe, Wilaya ya Kyela, ukapata mita zake sitini. Maafisa wawili walikuja na kibao cha chuma, MTO BABAMKWE, NI MARUFUKU KUNYUNYIZA DAWA, wakautafuta mto huo siku mbili kwa pikipiki. Kila mwanamke waliyemuuliza aliinama na kutazama pembeni. Mwishowe walikichimbia nyuma ya ofisi ya kata, na tangu hapo hakuna anayeruhusiwa kupulizia dawa mchicha wa mtendaji, ambao umeliwa wote na wadudu.

Ng'ambo, droni iliendelea na ratiba yake.

Upande wa nyumbani, lilibaki suala la jina. Lilikuwa limeshatoka, na kina mama wa ukoo walikaa siku nzima kwenye mikeka wakilijadili. Zamani, walisema, mkwe akitaka kuondoa mwiko huu kati yake na mke wa mwanawe, alitoa ng'ombe, na baada ya hapo wakaonana kama watu. Mmoja akauliza maji yatatoa wapi ng'ombe. Kisa alitumwa ndani kuuliza. Alirudi na kambale mkubwa aliyembeba kwa mikono miwili, sharubu zikiburuzika chini.

"Babu anasema hana ng'ombe, ana huyu."

Kina mama walimpima kwa macho.

"Ana mafuta," alisema mkubwa wao. Wakakubali.

"Na anasema haendi tena ziwani," aliendelea Kisa. "Anasema aliyetajwa na mkwewe mbele ya jaji atakwenda wapi kujificha? Anasema anahamia hapa."

Kijito kilihamia na vyote kilivyokuwa navyo: mawe, matete, kaa, na ndala nyingine tatu, hakuna iliyokuwa pea. Kilichukua chumba cha mbele. Majirani walianza kuja na ndoo, wakibisha hodi mlangoni, na mifereji midogo ilichimbwa kutoka dirishani mpaka kwenye vitalu. Njia yake ya zamani ilibaki mchanga mtupu. Mkaguzi wa mazingira aliipima, akachukua kopo la mchanga, akaandika kwamba katika eneo husika hakuna maji yaliyoonekana kuchafuliwa, kwa kuwa hakuna maji yaliyoonekana, na kwamba kanuni zinafanya kazi. Vipele vya Kisa havikupungua. Upepo ukitoka ng'ambo, dawa ilipita kwenye nyavu za madirisha kama kawaida, na chumba cha mbele kilikohoa.

Siku kambale alipokwisha kuliwa, Anyisile alioga, akavaa gauni la Pasaka, akaingia chumba cha mbele kwa mlango wa mbele. Hakujifunika. Miaka saba ya ndoa alikuwa anaifahamu sauti ya mkwewe, kikohozi chake na mgongo wake akiwa mbali. Sasa aliinua macho akamtazama.

Alikuwa mwembamba kuliko alivyodhani. Pembeni alikuwa na povu la rangi ya chai iliyochacha, pale dawa ilipomshika, na mahali pengine alikuwa safi mpaka mchanga wa chini ukaonekana. Hapo juu, karibu na dirisha, maji yalipojikunja kukwepa jiwe, yalijikunja kwa namna ile ile Kisa anavyokunja paji la uso akidanganya.

"Shikamoo, baba," alisema.

Maji yaligusa vidole vyake vya miguu, yakarudi.

Ng'ambo droni ilikuwa inapaa. Anyisile alifunga madirisha yote mawili, akavuta kigoda, akaketi uso kwa uso na mkwewe. Kwenye mfuko wa gauni alikuwa na maombi mapya, kurasa kumi na moja, ambayo Marystella aliyatuma kwa dereva wa bajaji na kumsihi Anyisile ayahakiki neno kwa neno kabla hayajafunguliwa mahakamani. Alimwita Kisa aje kusikiliza, akampakata, akamshika mikono asijikune. Kisha akaanza kusoma kutoka mwanzo, kwa sauti ya darasa la jioni, kidole kikifuata mstari, na alipofika kwenye jina alilisoma lote.